'Imekataa', 'mtandao' na 'shiriki': Maneno yanayomtatiza fundi wa kompyuta

FUNDI wa kompyuta mjini Ruiru au Thika anapopigiwa simu na mteja, lalamiko la kwanza aghalabu huwa ni lile lile: "Folda imekataa." Swali lake nalo huwa ni lile lile: "Imekataa aje?" Wateja wengi huudhika wakiulizwa hivyo. Huona kwamba fundi anapoteza muda ilhali wao wamekwisha kueleza. Katika makala hii nimedhamiria kuonyesha kwamba fundi ana haki ya kuuliza.

Katika Kiswahili kinachozungumzwa bara nchini Kenya, kitenzi "kataa" kimepanuka sana. Gari hukataa, jiko hukataa, simu hukataa. Sioni kosa kubwa katika upanuzi huo. Tatizo ni kwamba kompyuta moja inapojaribu kufungua folda iliyo katika kompyuta nyingine ya nyumba hiyo hiyo, zipo namna tatu za kukataliwa na kila namna ina tiba yake. Msomaji amfikirie mgeni anayebisha hodi. Huenda asiitikiwe kabisa. Huenda akaitikiwa, akaulizwa ni nani, kisha asifunguliwe. Au afunguliwe, aketishwe sebuleni na kukatazwa kugusa chochote. Hakuna Mswahili anayeweza kuyaeleza mambo hayo matatu kwa neno moja.

Namna ya kwanza ni pale kompyuta ya pili haionekani kabisa, au ujumbe unasema haipatikani. Hapa nenosiri halina hatia, hivyo usihangaike kulibadilisha. Hakikisha kwanza kwamba kompyuta yenye folda imewashwa na haijalala, na kwamba zote mbili zimeunganishwa kwenye rauta moja. Kama moja iko kwenye waifai ya wageni, rauta nyingi huvizuia vifaa vya wageni kuviona vya wenyeji. Kisha tazama kama Windows imeuhesabu mtandao wako wa nyumbani kuwa wa umma au wa faragha. Ukiwa wa umma, kompyuta hujificha kana kwamba iko katika mkahawa au stendi ya matatu. Baada ya hapo, andika anwani yenyewe ikitanguliwa na mikwaju miwili ya kinyume, kwa mfano \\192.168.1.5. Ikifunguka kwa nambari na ikatae kwa jina, basi njia ni nzima. Kilichopotea ni jina tu.

Namna ya pili ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Kompyuta imeitika na inataka jina na nenosiri. Mteja anaandika tarakimu nne anazotumia kila asubuhi kuifungua mashine hiyo, na anakataliwa. Tarakimu hizo ni za mashine ile pekee, hazisafiri mtandaoni. Kinachotakiwa ni nenosiri la akaunti yenyewe. Yupo pia anayesema, "Lakini mimi sijaweka paswadi yoyote!" Hiyo si hoja ya kujitetea, ndiyo sababu yenyewe. Kwa kawaida, Windows haimruhusu mtu wa akaunti isiyo na nenosiri kuingia kupitia mtandao.

Namna ya tatu: umeingia, faili unaziona, unazisoma, lakini huwezi kusevu. Hili ni suala la ruhusa, na ruhusa ziko tabaka mbili. Kuna ruhusa ya folda kutumiwa kupitia mtandao na kuna ruhusa ya diski yenyewe. Zikipingana, ile kali ndiyo inayofuatwa. Watu wengi hulegeza ya kwanza, wakaisahau ya pili, kisha wakailaumu rauta.

Kuna mashine kongwe ambazo haziingii katika mafungu hayo sawasawa. Kompyuta nazo zina lugha za kuzungumziana, na mashine ya zamani ya Windows XP hujua lugha moja ya kale iitwayo SMB1. Mwezi Mei mwaka 2017, programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika lugha hiyo kwenye Windows. Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba mwaka huo, mashine mpya kwa kawaida hazitiwi SMB1 tena. Hivyo mzee na kijana wanakutana sebuleni na hawaelewani. Wapo wanaokushauri uirejeshe lugha ya kale. Mimi ningehamisha faili kwa flashi, mashine ile kongwe nikaiacha ipumzike.

Neno la pili linalotatiza ni "mtandao". Limetokana na kitenzi "tandaa", yaani kuenea, na kwa asili yake linafaa muunganisho wowote wa vitu, hata wa barabara. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, "hakuna mtandao" ina maana kwamba bando limekwisha, au simu haishiki, au pesa hazitumiki. Mtu aliyezoea maana hiyo, intaneti ikikatika, huacha hata kujaribu kufungua folda iliyo chumba cha pili. Ilhali rauta ikiwa na stima, kompyuta mbili za nyumba moja huendelea kupeana faili bila intaneti hata chembe. Ningependekeza tuseme "intaneti" tunapomaanisha intaneti, na "mtandao wa nyumbani" tunapomaanisha ule ulio ndani ya kuta zetu. Istilahi hazikosekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kinachokosekana ni mazoea. (Neno "tarakilishi" nalo limebaki katika madaftari ya shule. Sijamsikia fundi akisema "lete tarakilishi yako".)

Utata huo wa "mtandao" ndio unaomfanya kijana anayeishi Makongeni, Thika, ajaribu kufungua folda iliyo katika kompyuta ya mamake huko Ruiru kwa kuandika ile anwani ya 192.168.1.5, kisha ashangae haipatikani. Si umbali wa barabara kuu unaomzuia. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani, na nyumba nyingi mno duniani zinazo hizo hizo. Ni kama kumwambia mwendesha boda "nipeleke nyumba nambari tano" bila kutaja ploti. Akiambiwa na mtu afungue mlango wa 445 kwenye rauta ya mama ili aingie kutoka nje, akatae. Hapo atakuwa amewafungulia na wezi. Hifadhi ya faili iliyo kwenye intaneti inatosha kwa kazi hiyo.

Neno la mwisho ni "shiriki", ambalo programu nyingi za simu zimelitia kwenye kitufe cha kutumia wenzio picha au faili. Kisarufi, hapo pana kasoro. Mtu hushiriki katika jambo: anashiriki mazishi, anashiriki mchezo. Hashiriki faili. Nikikupa nafasi ya kuitumia, nimekushirikisha wewe, na wewe ndiye yambwa. "Gawa" nalo halifai, kwa kuwa aliyegawa hubaki na pungufu, na folda haipungui. Vijana wa mtaani wamejikatia shauri na "kushea". Kiswahili lakini kina neno la siku nyingi: wapangaji huchangia choo, huchangia bomba, huchangia lango. Kila mmoja anatumia na kitu hakihami. Basi na folda ichangiwe, na tuiite folda ya pamoja.

Faida ya "changia" ni kwamba linamlazimu msemaji ataje anachangia na nani. Katika ploti nyingi za Ruiru, mwenye nyumba ameweka rauta moja na wapangaji wote wanaitumia. Ukichagua folda iwe wazi kwa kila mtu bila nenosiri, "kila mtu" si wanao tu. Huenda ni pamoja na mpangaji wa ghorofa ya tatu usiyemjua hata jina. Kama daftari la chama na nakala za vitambulisho vya wanachama vimo humo, ameshavipata. Mama akimwambia fundi, "Nataka watoto wachangie folda ya picha, waongeze na kufuta, ya chama waisome tu, na wapangaji wengine wasiione kabisa," fundi hana haja ya kuuliza imekataa aje. Ameshaelezwa akaunti ngapi afungue na kila moja aipe ruhusa gani.