Hatari, Uwezekano na Wahaka: Istilahi za Upimaji wa VVU

Hivi karibuni tuliletewa kijitabu kimoja cha afya ili tuihakiki lugha yake kabla hakijapigwa chapa. Kilihusu upimaji wa virusi vya UKIMWI, na kilikuwa kimefasiriwa na mtu aijuaye vema kazi yake. Hata hivyo, katika ukurasa mmoja tu neno hatari lilitokea mara tisa. Kujamiiana bila kinga kuliitwa hatari. Kuchomwa na sindano wodini kuliitwa hatari. Kunywea kikombe kimoja na mgonjwa kukaelezwa kuwa "si hatari sana". Msomaji mwenye hofu angekifunga kijitabu hicho bila kujua tofauti ya mambo hayo matatu, ilhali tofauti hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Hatari katika Kiswahili ni kitu au hali iwezayo kudhuru. Simba ni hatari, na waya wa umeme uliochubuka ni hatari. Lakini lugha ya tiba huhitaji pia kutaja kadiri ambayo jambo laweza kutokea, na hiyo ni dhana nyingine. Kwa dhana hiyo twapendekeza uwezekano wa kuambukizwa. Faida yake ni kwamba uwezekano hukadirika: waweza kuwa mkubwa, waweza kuwa mdogo, na waweza usiwepo kabisa. Mhudumu wa afya aliyechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU hukadiriwa kuwa na uwezekano wa 23 katika 10,000. Hatari ipo, na ndiyo maana hupewa dawa kinga, ambazo hapana budi zianzwe mapema, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28. Lakini uwezekano wenyewe ni mdogo. Ama kikombe, jasho, machozi na kuumwa na mbu, hapo uwezekano haupo. Mfasiri asiandike "si hatari sana", kwa kuwa neno sana humwachia msomaji ufa wa kupitishia hofu. Aandike: haviambukizi.

Ugonjwa huu umetufunza mengi katika kazi ya istilahi tangu wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wananchi hawakungoja baraza. Waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa. Kifupisho UKIMWI kilipoenea, kirefu chake kiliandikwa kwa namna mbili, Ukosefu wa Kinga Mwilini na Upungufu wa Kinga Mwilini. La pili ni sahihi zaidi, kwani aliyepungukiwa bado anacho. Na neno tunaloliona kuwa zuri kupita yote ni kufubaza. Nguo iliyofubaa haikutoweka, bali imepoteza rangi yake. Vivyo hivyo dawa haziviondoi virusi mwilini. Huvizuia visizaliane, hata visionekane kwenye kipimo, na mtu aliyefikia hali hiyo na kudumu nayo kwa kumeza dawa hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Hatukufanikiwa hivyo kila mahali. Siku zile ambazo virusi vimekwisha kuingia lakini kipimo hakijaweza kuvigundua huitwa na baadhi ya waandishi kipindi cha dirisha, jina lisilomwambia msomaji lolote. Wengine husema kipindi cha matazamio. Mtumishi wa umma atakumbuka upesi kwamba naye aliwekwa katika matazamio alipoajiriwa, na huenda akadhani kwamba ni mwenendo wake unaotazamwa! Istilahi hii imekwisha kuzoeleka, nasi hatupendekezi ibadilishwe. Twaomba tu kwamba kila itumikapo ifuatwe na maelezo na hesabu ya siku. Vipimo vya haraka vinavyotafuta kingamwili huweza kuhitaji hadi siku 90. Vile vya maabara vinavyotafuta kingamwili pamoja na antijeni, damu ikitolewa mshipani, huhitaji kati ya siku 18 na 45.

Hesabu hiyo yahusu pia utulivu wa moyo. Kijitabu kilitumia neno hofu kwa kila hali, lakini Kiswahili kina akiba kubwa zaidi. Mtu angojaye majibu, asiyelala wala kutulia kitini, ana wahaka. Dawa ya wahaka ni kujua: tarehe ya kupimwa, kipimo kitakachotumika, na mnasihi wa kuzungumza naye katika siku za kungoja. Lakini yule aliyekwisha kupimwa baada ya kipindi cha matazamio, akaambiwa hana maambukizi, kisha akaenda kituo cha pili na cha tano ingawa hakuna jipya lililomfika, huyo ana wasiwasi. Kipimo cha kumi hakitamwambia neno ambalo cha kwanza hakikumwambia. Huyo ahitaji mnasihi kuliko maabara, na kijitabu kimweleze hivyo bila kumkejeli.

Kuhusu chanya na hasi, tusirefushe. Magazeti yamekwisha kuwazoeza watu kwamba chanya ni jambo jema, kwa hiyo aambiwaye kuwa majibu yake ni chanya aweza kutoka akishukuru. Iandikwe: una maambukizi ya VVU, au huna.

Kijitabu tumekirudisha kwa mwenyewe. Katika ukurasa ule, neno hatari limebaki mara mbili.