Kupima Tetemeko Huanzia Shimoni

Julai 2007 watu wa Nairobi walishuka mbio kutoka maghorofani, wengine viatu mkononi. Ardhi ilikuwa ikitikisika kutoka upande wa pili wa mpaka, nchini Tanzania, kwenye mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Mfululizo ule ulianza tarehe 12, na tetemeko kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, likapiga tarehe 17. Mwanzoni mwa Septemba volkano iliyo jirani na Gelai, Oldoinyo Lengai, ikalipuka.

Ilitokea kwamba tangu Juni watafiti wa Kifaransa na wa Kitanzania walikuwa wameshafukia vihisi vya matetemeko katika vituo 35 kati ya Manyara na Natron. Hawakutabiri chochote, ilikuwa bahati tu. Lakini bahati humfaa aliyekwisha kuchimba shimo. Satelaiti zilionyesha kwamba magma ilikuwa imepasua mwamba chini ya Gelai. Vituo vile navyo vilionyesha kwamba chini ya Manyara matetemeko yalikuwa yakizuka kwenye kina cha kilomita 20 hadi 35, kina ambacho mtambo ulio mbali hauwezi kukipima kwa uhakika.

Mtu akisikia kazi yangu ya kusimika vituo kama hivi, kwanza huniuliza bei ya mashine. Mashine ni ghali, kweli, lakini nimeona mashine ghali ikileta takataka na ya kawaida ikileta data safi. Tofauti ilikuwa shimo.

Kanuni ya kihisi unaijua kama umewahi kusimama kwenye daladala. Dereva akiondoka ghafla, gari linakwenda mbele na wewe unabaki nyuma. Ndani ya kihisi kuna uzito mdogo ulioning'inizwa kwa springi, nao ndio abiria. Ardhi ikisogea, boksi husogea nayo, uzito ukachelewa. Katika aina rahisi, koili ya waya na sumaku hugeuza mwendo huo kuwa umeme. Katika aina bora zaidi, uzito hauachwi ucheze: umeme huusukuma kila mara ubaki mahali pake, na kinachopimwa ni nguvu iliyohitajika kuuzuia. Vihisi huwa vitatu kwa pamoja: kimoja cha juu na chini, kimoja cha kaskazini na kusini, kimoja cha mashariki na magharibi.

Kihisi cha namna hiyo husikia mno. Ukikiweka Dodoma, mamia ya kilomita kutoka pwani, bado kitanasa mitetemo ya mawimbi ya bahari usiku na mchana. Kwa hiyo kitasikia na mti unaoyumba, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, hata jua linalopasha kifuniko joto. Ndiyo maana tunachimba kama mita moja, tunatafuta mwamba au udongo mgumu, tunasawazisha sakafu, tunakifukia. Dira ya kutafutia kaskazini haisomwi kando ya gari, maana chuma cha gari huipotosha. Wakati fulani nilisimika kituo nyuma ya zahanati moja ya kijiji, nikajisifu kwa uzio mzuri. Tulipofungua data tulikuta tumerekodi mashine ya kusaga unga, na hata saa ambazo umeme ulikatika zilionekana wazi. Ilibidi tuhame.

Na tetemeko kubwa likitokea karibu kabisa, sikio hili jepesi huzidiwa, rekodi ikakatwa vilele. Kwa hilo huwekwa kando yake kipimamchapuko, ambacho hakisikii minong'ono lakini huhimili kishindo.

Kinasa data hakina mvuto wa kihisi, lakini bila hicho hakuna kazi. Hugeuza umeme wa kihisi kuwa namba, kwa kawaida mara 100 kwa sekunde kwa kila upande. Pande tatu kwa saa 24 ni namba karibu milioni 26 kwa siku, zote zikiingia kwenye kadi ndogo. Kila namba lazima ijue saa yake, na saa hiyo hutoka kwenye satelaiti za GPS kupitia antena ndogo juu ya uzio. Wimbi la kwanza la tetemeko hupita kwenye miamba ya juu kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde, la pili kwa kama 3.5. Ukihesabu sekunde zinazoyatenganisha, kila sekunde moja ni kama kilomita 8 za umbali. Hesabu hiyo kituo kimoja huiweza chenyewe. Ila vituo vinapounganishwa ili kujua tetemeko lilianzia wapi, saa ya kimoja ikikosea sekunde moja, chanzo husogezwa kilomita kadhaa, pengine hadi wilaya nyingine.

Vituo vya kudumu tunavyo, kwa mfano Kilima Mbogo nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda, vilivyo kwenye mtandao wa dunia. Vinatosha kusema tetemeko limetokea. Kusema limetokea kwenye kina gani, kwenye ufa upi, kunahitaji vituo vilivyo karibu, na hivyo ndivyo vya betri na sola vinavyowekwa porini kwa mwaka mmoja au miwili.

Vingi havitumi data. Mtu huenda baada ya miezi kadhaa kubadilisha kadi, na hapo ndipo hugundua kama panya alishatafuna waya wiki ya pili. Lakini panya tunamweza kwa bomba la plastiki. Kinachotushinda ni uvumi kwamba tunatafuta madini. Kwa hiyo ukikuta porini paneli ndogo ya sola, uzio na sanduku, usifukue. Ndani hakuna dhahabu, kuna betri na kadi. Ukiona waya umekatika, mwambie mwenyekiti wa kijiji; namba yetu ya simu anayo.