Lori Linalosubiri Kugongwa

Kuna udereva wa aina moja ambao mtu hulipwa aende polepole na asubiri kugongwa. Mafundi wanapochora mistari barabarani, gari la rangi hutambaa mbele na nyuma yake hufuata lori zito lenye mshale mkubwa wa taa. Mkiani limefungwa kitu kama godoro nene. Anayekuja kasi huku amesinzia atalivamia lori hilo kabla ya kuwafikia mafundi. Lori ni ngao, ila ndani ya ngao hiyo ameketi mtu.

Hilo godoro, kwa kweli, si la sponji. Magodoro mengi ya aina hii yana vijumba vya alumini vilivyopangwa kama sega la nyuki, na yameundwa makusudi yapondeke: kila kijumba kinachokunjika humeza sehemu ya kishindo. Kishindo chenyewe si cha mchezo. Gari la kilo 1,500 likigonga kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni sawa na kudondoshwa kutoka karibu mita 40 juu, yaani ghorofa ya 12 hivi. Lori linaposukumwa, kiti humrusha dereva wake mbele na kichwa hubaki nyuma kwa sehemu ndogo ya sekunde. Shingo ndiyo inayolipa. Misuli na kano huvutika kupita kiasi, na maumivu yanaweza kudumu miezi.

Agosti 2017, mjini Fort Collins, Marekani, idara ya uchukuzi ya jimbo la Colorado ilionyesha lori la ngao ambalo kiti chake ni kitupu. Lilitoka kampuni ya Royal Truck & Equipment ya Pennsylvania, kwa mitambo ya Kratos, kampuni ya zana za kijeshi.

Wenye kuwaza teksi zisizo na dereva za Waymo, zinazojichagulia njia, watashangaa jinsi lori hili lilivyo mnyenyekevu. Haliamui pa kwenda. Gari la mbele, lenye dereva, hulitumia kwa redio taarifa za mahali lilipo, mwendo na mwelekeo wake; la nyuma hupita palepale, kama mtoto anayekanyaga nyayo za babake mchangani. Vitambuzi huchungulia vikwazo vya mbele, na vipo vitufe vya kulisimamisha ghafla. Jimbo la Missouri nalo lililijaribu.

Hata hivyo, lori hili linamwokoa mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akilipwa asubiri kugongwa. Kati ya 2019 na 2022, zaidi ya watu 800 walikufa kila mwaka katika maeneo ya matengenezo ya barabara nchini Marekani, na takriban wanne kati ya kila watano walikuwa madereva na abiria wao. Ukiona mshale wa taa ukimulika mbele, punguza mwendo na uhame njia mapema.