Lisansi na Masta: Mzazi Ajue Analipia Nini

Neno lisansi limewatia mashaka wazazi wengi wa Kamina miaka hii. Kijana amerudi nyumbani na karatasi yake, akina mama wamepiga vigelegele, kuku wamechinjwa, majirani wamekula. Majuma machache yakipita, kijana yule yule anamwendea baba yake kwa adabu na kumwambia, "Baba, imebaki miaka miwili." Baba hushangaa. Mtoto wake wa kwanza alipata lisansi ya uchumi mwaka 2015, akaajiriwa, wala hakuomba tena faranga hata moja. Huyu naye amepata lisansi ya mambo yale yale. Je, kijana anadanganya? Au walimu wamebuni njia mpya ya kula fedha za watu?

Kijana hadanganyi. Neno ni lile lile, lakini maana yake imegeuka, na asiyejua jambo hilo atagombana bure na mtoto wake.

Zamani masomo ya chuo kikuu katika nchi yetu yalikuwa na ngazi mbili. Kwanza mwanafunzi alisoma graduati miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Jumla miaka mitano. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilifungua njia ya mpango mwingine, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vilianza kuufuata: lisansi miaka mitatu, masta miaka miwili, kisha doktora kwa anayetaka kuendelea, nayo huhesabiwa miaka mitatu. Watu huuita kwa herufi zake tatu, LMD. Hesabu basi, ndugu msomaji. Kaka alisoma miaka mitano ndipo akaitwa mwenye lisansi. Mdogo wake amesoma mitatu naye anaitwa hivyo hivyo. Akitaka kufikia kimo cha kaka yake kwa miaka, sharti asome masta. Fedha anayoiomba ni ile ile ambayo baba aliitoa zamani kwa ajili ya kaka. Tofauti ni kwamba zamani karamu ilingoja mwaka wa tano.

Tuliosoma Kilatini kidogo twajua ya kuwa neno hili limesumbua watu tangu kale. Licentia maana yake ni ruhusa. Katika vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya ilikuwa ruhusa ya kufundisha, naye asiyekuwa nayo hakuweza kusimama mbele ya wanafunzi. Hata leo, katika vyuo vya Kanisa vinavyofundisha teolojia na sheria za Kanisa, lisansi ni cheo cha pili, juu ya bakalorea na chini ya doktora. Basi padre wa parokia aliyepata lisansi Roma, kaka aliyemaliza mwaka 2015, na kijana wa mpango mpya, wote watatu wana neno moja, lakini hawako katika ngazi moja. Mtu akikuambia ana lisansi, muulize kwa upole: ya wapi, na ya mwaka gani?

Tuje sasa kwenye masta yenyewe, hasa ile ya uendeshaji wa biashara na makampuni, ambayo vijana wetu wengi huitamani. Imejengwaje?

Masomo hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Katika saa hizo zimo zile za kumsikiliza mwalimu, zile za mazoezi, na zile za kujisomea peke yake nyumbani au katika maktaba. Mwaka mmoja una krediti 60, yaani 30 kwa kila muhula. Lisansi ina krediti 180, masta 120. Wazazi wengi hupita mbio juu ya tarakimu hizi, nami naomba wasimame hapa kidogo. Krediti 60 mara saa 25 ni saa 1,500 kwa mwaka. Muhula mmoja ni saa 750. Tukisema muhula una majuma 15 ya kazi, mwanafunzi adaiwa saa 50 kila juma. Hiyo yapita saa za karani anayeingia ofisini asubuhi na kutoka jioni! Kwa hiyo kijana anayesema kwamba ataisoma masta huku akifanya kazi ya siku nzima, bila kupunguza lolote, hajafanya hesabu. Naye ataka kujifunza kuhesabu mali za watu. Wako wanaofaulu hivyo, lakini huchukua muda mrefu zaidi, ama hulala kidogo sana.

Na mzazi naye ajue kwamba mtoto aketiye na kitabu nyumbani siku ya Jumanne hakukimbia shule. Saa zile zimehesabiwa. Kumtuma sokoni kila mara akiwa katikati ya zoezi ni kumpunguzia krediti ambazo baba mwenyewe amezilipia.

Mwaka wa kwanza kwa kawaida ni wa masomo ya darasani: hesabu za gharama, fedha za kampuni, masoko, uongozi wa wafanyakazi, takwimu, sheria za biashara, na namna ya kufanya utafiti. Mwaka wa pili mwanafunzi huchagua upande wake, kama vile fedha au masoko, kisha hufanya mazoezi kazini, yale yaitwayo staji, na mwisho huandika tasnifu.

Yawezekana mtu akasema, "Biashara twaijua tangu kwa babu zetu. Mtu afundishwe nini miaka mitano?" Ni swali la haki. Tumtazame mama mmoja mchuuzi wa samaki wakavu, tuliyemtunga sisi wenyewe kwa ajili ya somo. Anakwenda Bukama, ananunua magunia 10 ya samaki waliovuliwa katika maziwa ya Upemba, kila gunia faranga 200,000. Ametoa 2,000,000. Usafiri 300,000, kodi na ghala 100,000. Gunia moja laharibika njiani kwa unyevu. Tisa yaliyobaki auza kwa 290,000 kila moja, apata 2,610,000. Afika nyumbani akisema amepata faida ya 610,000. Mhasibu amwambia, "La, mama. Umetoa 2,400,000 kwa jumla. Faida yako ni 210,000." Hapo kazi ya hesabu za gharama imekwisha, na mtu wa graduati ya zamani au lisansi ya sasa aliweza kuifanya vizuri.

Mtu wa masta yampasa kuuliza zaidi. Fedha zile zimelala siku ngapi garini moshi na ghalani? Kama mama alizikopa, riba ya siku hizo ni kiasi gani? Angenunua magunia matano na kwenda mara mbili, hasara ya unyevu ingepungua au nauli ingemla? Je, mama amejilipa mshahara kwa mwezi mzima wa kazi, au 210,000 ndiyo mshahara wenyewe, na faida hakuna? Na kama wachuuzi kumi wangekodi behewa moja pamoja, nani angeshika fedha, na kwa mkataba wa namna gani? Maswali haya hayana jibu moja lililoandikwa nyuma ya kitabu. Katika shule ya biashara ya Harvard, huko Marekani, tangu mwaka 1921 walianza kuwapa wanafunzi mambo ya namna hii yaliyotukia kweli katika makampuni, wayajadili darasani mpaka waamue, kana kwamba wao ndio wakubwa wa kampuni. Njia hiyo imeenea duniani kote. Mimi naipenda, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea kukariri hawezi kujificha ndani yake.

Sheria nayo imebadilika, na hapa waliosoma zamani yawapasa kusikiliza pia. Nchi yetu ilikuwa na mpango wake wa hesabu tangu mwaka 1976. Lakini tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi 17 zenye sheria moja ya biashara, uliozaliwa kwa mkataba wa Port-Louis wa tarehe 17 Oktoba 1993. Kanuni zake mpya za hesabu zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kijana anayefundishwa kwa daftari la mjomba wake aliyesoma mwaka 1995 anajifunza sheria zilizozikwa. Wenye vitabu vya zamani wavitunze kwa heshima, lakini wasiwape watoto wavitegemee katika mtihani.

Halafu tasnifu, ambayo wanafunzi huiita memwari. Hapa ndipo wengi hukwama, nami nimeona vijana hodari wakikaa mwaka mzima na zaidi bila kuimaliza. Sababu si uvivu kila mara. Tasnifu ya masta hudai jambo ambalo shule zetu hazikutuzoeza: kuuliza swali ambalo mwalimu hajalijibu, kwenda kutafuta takwimu mahali zilipo, na kuzitetea mbele ya waamuzi. Tuseme kijana wa Kamina ataka kuandika juu ya njia ya reli. Mada ni nzuri. Mji huu ni njia panda ya reli: upande mmoja Lubumbashi, upande mwingine Ilebo, ambako reli ilifika mwaka 1928, na upande wa tatu Kabalo, tawi lililofunguliwa mwaka 1956. Lakini akiandika "Reli na maendeleo ya Kongo", atazama kama jiwe. Aandike juu ya gharama ya kusafirisha mahindi ya Kaniama kwa gari moshi ikilinganishwa na lori, kwa miaka mitatu aliyoichagua, na kwanza kabisa ahakikishe kwamba ofisi husika itakubali kumfungulia madaftari yake. Barua ya kuomba ruhusa hiyo iandikwe mwanzoni mwa mwaka wa pili, wala si mwezi mmoja kabla ya kutetea.

Nani hukubaliwa kuingia masta? Sharti awe na lisansi iliyokamilika katika fani hiyo au fani ya karibu, na karatasi za maksi za miaka yote. Aliyesoma sheria au kilimo aweza kudaiwa masomo ya nyongeza kwanza. Kifaransa kizuri ni lazima, maana tasnifu haiandikwi kwa Kifaransa cha sokoni. Hesabu na takwimu asizikimbie. Na kompyuta aijue mkononi, si kwa kuisikia.

Vijana wengine hutazama mashariki, kwenye vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, au ile shule ya uongozi ya ESAMI, Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki. Huko shahada hiyo huitwa MBA, jina lililotoka Harvard mwaka 1908. Ni njia njema kwa mwenye uwezo, lakini masomo ni kwa Kiingereza, na akirudi yampasa kutafuta cheti cha ulinganisho wa shahada. Karibu zaidi twayo Lubumbashi, ambako chuo kikuu kiliundwa mwaka 1955 na kufungua milango mwaka 1956; na hapa nyumbani upo Chuo Kikuu cha Kamina, UNIKAM, kilichoanza kama tawi la Lubumbashi. Wazee wetu hawakuwa na uchaguzi huo. Kabla ya Lovanium kufunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, kijana Mkongo mwenye akili aliyetaka masomo ya juu kwa kawaida hakuwa na mlango ila seminari kubwa, hata kama hakuitwa kuwa padre.

Je, kila mwenye lisansi aende masta? Mimi nasema hapana. Anayetaka kufundisha chuo kikuu, au kuendelea na doktora, hana njia nyingine. Anayetaka kuwa mhasibu mkuu ajue kwamba wahasibu wana chama chao cha kisheria tangu mwaka 2015, chenye masharti yake mwenyewe. Lakini kijana ambaye hajawahi kushika hata daftari la duka moja, namshauri afanye kazi mwaka mmoja au miwili kwanza, hata kwa mshahara mdogo. Atakaporudi darasani atakuwa na maswali, na swali la kweli ni nusu ya tasnifu. Kadhalika, baba mwenye watoto watano shuleni ana haki ya kumwambia mkubwa, "Subiri wadogo wamalize darasa la sita." Hilo si kumnyima elimu.

Jambo la mwisho ni la wale wanaotaka kulipa upesi. Ziko shule zinazotangaza masta kwa rangi nzuri ukutani, nazo hazina ruhusa ya kutoa masta katika fani hiyo. Mwanafunzi husoma, hulipa, huvaa joho, kisha diploma yake hukataliwa. Kabla ya kutoa sehemu ya kwanza ya minervali, mzazi aende mwenyewe kwenye ofisi ya chuo pamoja na mtoto, aombe kuona amri ya waziri inayokiruhusu chuo, asome kama fani na ngazi ya masta imetajwa humo, aulize karo ya miaka yote miwili pamoja na gharama ya kutetea tasnifu, na apewe maandishi yenye muhuri. Karani akikasirika kwa kuulizwa hivyo, fedha zirudi mfukoni siku hiyo.