MAWE KATIKA MFUKO WA NYONGO HUTOKEA VIPI?



Unapochinja mbuzi au kuku, unaitoa nyongo kwa uangalifu isije ikapasuka na kutia nyama uchungu. Nawe unayo nyongo kama hiyo, chini ya ini, upande wa kulia. Wakati mwingine ndani yake hutokea mawe. Hayatokani na changarawe uliyomeza kwenye maharagwe, wala hukurogwa. Mwili wenyewe huyatengeneza, polepole.

Nyongo hufanya kazi gani?
Kila siku ini hutengeneza maji ya nyongo, kiasi cha nusu lita hadi lita moja. Sehemu yake huwekwa katika mfuko mdogo. Ukila, hasa chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua na kumwaga nyongo utumboni ili isaidie kusaga mafuta hayo.

Mawe hutokeaje?
Ndani ya nyongo mna aina ya mafuta iitwayo kolesteroli. Ikizidi, haiyeyuki yote. Ni kama kutia chumvi nyingi katika kikombe kimoja cha maji: nyingine hubaki chini. Mfuko usipojikamua vizuri, punje hizo hushikamana, zikawa mchanga, kisha mawe. Huweza kuwa jiwe moja au mengi.

Nani hupata zaidi?
- Akina mama, hasa wajawazito na waliozaa mara nyingi.
- Watu wanene, na wenye umri wa miaka 40 na zaidi.
- Aliyekaa siku nyingi bila kula, au aliyekonda upesi. Mfuko haukamuliwi, nyongo inakuwa nzito.
- Wenye ugonjwa wa selimundu, hata watoto. Damu yao huvunjika kwa wingi, na rangi yake hufanya mawe meusi.

Utajuaje?
Wengi wenye mawe hawasikii lolote, na hawahitaji matibabu. Lakini jiwe likiziba njia, utasikia maumivu makali chini ya mbavu za kulia au katikati ya tumbo, mara nyingi baada ya kula. Huenda yakafika mgongoni au bega la kulia, pamoja na kutapika.

HATARI! Nenda zahanati mara moja, hata usiku, ukiona:
- maumivu yasiyokwisha kwa saa kadhaa;
- homa na kutetemeka;
- macho ya manjano, mkojo mweusi au choo cheupe.

Usiseme ni malaria tu, ukameza dawa na kulala. Njia ya nyongo ikiziba na kuoza ndani, mtu anaweza kufa. Mweleze mganga maumivu yalianza lini na yako wapi.

Usipoteze siku kwa kunywa mafuta na ndimu, havitoi mawe. Mawe yanayoleta maumivu kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji wa kuondoa mfuko. Usiogope: bila mfuko huo mtu huishi vizuri, kwa kuwa ini huendelea kupeleka nyongo utumboni moja kwa moja.

Ukishasoma, msomee na jirani.