Neno Ndani ya Maneno: Dhamira Fiche katika Chemshabongo na Nafasi Yake katika Ufundishaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna dhamira ya maneno fiche inavyojengwa katika chemshabongo ya miraba na yanachunguza kama mbinu hiyo, iliyokomaa katika Kiingereza, inaweza kuhamishiwa Kiswahili bila kuharibika. Hoja yetu ni kwamba mbinu hiyo inahamishika, ila jedwali lake la kigeni halihamishiki. Aidha, tunaonyesha kwamba katika Kiswahili kinacholificha neno ni mkazo, wala si tahajia, na kwamba jambo hilo lina manufaa kwa wajifunzaji wa mataifa jirani.

1. Utangulizi

Chemshabongo ya kwanza inayotambuliwa kuwa mzazi wa hizi za leo ilichapishwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ikiwa na umbo la almasi. Baadaye mchezo huo ulipata kanuni. Gazeti la New York Times lilianza kuuchapisha mwaka 1942 chini ya uhariri wa Margaret Farrar, na taratibu zikaimarika: jedwali la siku za kawaida lina vyumba 15 kwa 15, vyumba vyeusi hupangwa kwa ulinganifu, na kila herufi husomwa mara mbili, kwa mlalo na kwa wima.

Hata kabla ya jedwali hilo kutufikia, wasemaji wa Kiswahili walikuwa na michezo yao ya kuficha maneno. Vitendawili huficha kitu ndani ya sitiari. Kinyume huficha neno kwa kuhamisha silabi ya mwisho hadi mwanzoni, hata nyumba ikawa mbanyu. Tuzingatie kwamba anayezungumza kwa kinyume hahamishi herufi, huhamisha silabi. Jambo hilo tutalirudia.

2. Dhamira ya maneno fiche ni nini?

Chemshabongo yenye dhamira huwa na majibu machache marefu yanayofungamana kwa siri moja. Katika dhamira ya maneno fiche, siri hiyo ni neno lililolala ndani ya kila jibu refu, na maneno yote yaliyolala ni ya jamii moja: wanyama, mito au vyombo vya jikoni. Watungaji makini huzingatia masharti matatu. Kwanza, neno fiche livuke mpaka wa maneno, likianzia katika neno moja na kuishia katika jingine. Pili, lisiwe na uhusiano wa asili na neno linalolibeba. Tatu, majibu yanayokabiliana katika jedwali yawe na urefu sawa.

Tuchukue jamii ya wanyama. Nafasi mbaya inabeba simba (nafa-SI MBA-ya). Haki maalumu inabeba kima (ha-KI MA-alumu). Mwaka sahihi unabeba kasa (mwa-KA SA-hihi). Kila jibu lina herufi 11, na kila mnyama amevuka mpaka. Masharti yote matatu yametimia.

Tulinganishe na Baba wa Taifa. Nalo lina herufi 11, na ndani yake yumo tai. Hata hivyo, tai huyo yumo ndani ya neno Taifa peke yake, hakuvuka mpaka wowote. Mtungaji akimwingiza, mfumbuaji aliyekwisha kuitambua kanuni atahisi amedanganywa. Kinachovuka mpaka katika jibu hilo ni bawa (ba-BA WA), ambalo ni sehemu ya ndege wala si mnyama. Jibu zuri laweza kukataliwa kwa sababu tu halilingani na wenzake.

Sharti la pili lina uzito wa pekee katika Kiswahili kwa sababu ya viambishi ngeli. Ufunguo unabeba funguo, na ukuta unabeba kuta, lakini hakuna kilichofichwa hapo: tumeondoa kiambishi cha umoja tukapata wingi. Neno la namna hiyo halistahili kuitwa fiche.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina: kihusishi cha -a unganifu. Vihusishi ya, za, wa, la na cha hukaa katikati ya vifungu vya kila siku na kuzaa maneno mapya mipakani. Haki za binadamu hubeba kiza. Sheria za kazi hubeba zaka. Mali za umma hubeba liza. Jumuiya ya Afrika Mashariki hubeba yaya. Istilahi rasmi za serikali na mashirika, ambazo wanafunzi huziona kavu, ndizo zenye rutuba kubwa zaidi kwa mchezo huu.

3. Kinachoficha ni mkazo

Katika Kiingereza, tahajia ndiyo pazia. Neno teachers lina ache ndani yake, lakini herufi ch hutamkwa kwa namna moja katika neno la kwanza na kwa namna nyingine katika la pili. Sikio halisaidii, jicho peke yake ndilo linaloweza kuona.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Simba aliye ndani ya nafasi mbaya ana sauti zilezile za simba wa porini. Basi kwa nini hatumsikii? Jibu limo katika mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika nafasi mbaya, mkazo uko juu ya fa na mba. Silabi si haina mkazo. Katika simba, mkazo uko juu ya si. Mpangilio umepinduka.

Tukio hili si la bahati. Neno fiche la silabi mbili linalovuka mpaka huanza na silabi ya mwisho ya neno lililotangulia, au na kihusishi, na silabi hiyo kwa kawaida haina mkazo. Lakini neno hilohilo likisimama peke yake, silabi yake ya kwanza ndiyo yenye mkazo. Kwa hiyo, ukiacha maneno machache ya mkopo yenye mkazo usio wa kawaida, kuvuka mpaka daima hupindua mkazo, na kupinduka huko ndiko kunakoficha.

Kanuni hii pia inaeleza kwa nini baadhi ya maneno fiche ni dhaifu. Ofisi inabeba fisi, na binadamu inabeba damu, lakini maneno hayo yako mwishoni mwa maneno yanayoyabeba, hivyo mkazo wake haujabadilika. Msikilizaji makini huyasikia mara moja. Sikukuu, kinyume chake, inaficha kuku vizuri ingawa ni neno moja, kwa kuwa mkazo umeangukia ku ya pili ilhali kuku huanza na mkazo.

4. Tatizo la jedwali

Jedwali la Marekani hudai kila herufi isomwe kwa mlalo na kwa wima. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu. Kwa hiyo vyumba vya safu wima ya mwisho, ambavyo ndivyo miisho ya maneno ya mlalo, vitajaa irabu tupu. Na kwa kuwa safu hiyo nayo lazima isomwe kama maneno ya wima yenye herufi tatu au zaidi, tutahitaji maneno yaliyoundwa kwa irabu pekee. Safu mlalo ya chini ina kikwazo hichohicho. Mtungaji hubaki akihangaika na vipande kama aua, au huvunja kanuni.

Zipo njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni jedwali la Kiingereza cha Uingereza, ambalo huruhusu herufi nyingi kusomwa mara moja tu. Ya pili ni kuandika silabi moja katika kila chumba. Njia hii ya pili huondoa tatizo la irabu za mwisho pamoja na swali la kama ch, ny au ng' zinastahili chumba kimoja au viwili. Ina gharama pia: silabi ni nyingi kuliko herufi, hivyo makutano ni magumu kutunga, na majibu yetu matatu yenye herufi 11 kila moja huwa na silabi 5, 6 na 5, kwa hiyo ulinganifu hupangwa upya.

Zaidi ya hayo, chemshabongo haisamehi tahajia isiyo sanifu. Anayeandika maalum badala ya maalumu hupoteza herufi moja, na jibu haliingii tena. Kitabu cha kiada kinaweza kuvumilia tahajia mbili, lakini jedwali halivumilii.

5. Hitimisho na mapendekezo

Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na nchi nyingine za ukanda zinaendelea kukipanua shuleni. Wanafunzi wengi huko wana Kinyarwanda, Kirundi au Luganda kama lugha ya kwanza. Hizi ni lugha za Kibantu zenye silabi wazi kama Kiswahili, ila ni lugha za toni. Mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho ni jambo wanalopaswa kujifunza. Zoezi linalomtaka mwanafunzi atamke nafasi mbaya, kisha amtafute simba, humlazimisha kusikia mkazo unapohama. Mwalimu anaweza kulifanya kwa ubao na chaki.

Tunapendekeza mambo matatu. Watunzi wa vitabu vya kiada watumie jedwali la silabi katika madarasa ya mwanzo, na la herufi kwa mtindo wa Uingereza katika madarasa ya juu. Wahariri wa magazeti wachapishe kanuni zao za tahajia pamoja na chemshabongo. Na mabaraza ya lugha ya nchi jirani yakubaliane kuhusu maneno yenye tahajia mbili kabla ya kubadilishana vifaa vya kufundishia, ili jibu lililo sahihi Dodoma lisiwe kosa Kigali.