Betri Iliyokufa Yawasha Taa

Tangu muhula uliopita wenzangu wengi hunijia bwenini usiku, wengine kucheka, wengine kuuliza habari za kitaa changu kilichowaka kwa betri iliyotupwa. Naona afadhali nieleze hapa, hata kaka zetu waliokwisha maliza shule waisome, maana katika jambo hili nilikosea mbele ya watu.

Taa nyeupe ya LED haiwaki vema bila volti 3 hivi. Betri ya tochi ikiwa mpya ina volti 1.5, na redio ikiikataa aghalabu imebaki na volti 1 au zaidi kidogo. Hapo watu huitupa, au huianika juani kama mihogo. Lakini nguvu bado imo ndani. Kilichopungua ni msukumo.

Dawa yake ni vitu vinne: transista moja, rezista ya omu 1,000, taa yenyewe na pete ya feriti. Pete yangu niliitoa katika balbu mbovu ya kubana umeme, nikichunga kioo kisivunjike, kwani ndani mna zebaki. Zungusha nyaya mbili pamoja katika pete, mara 15 hivi, kisha funga mwisho wa waya wa kwanza na mwanzo wa waya wa pili. Kiungo hicho hushika chanya ya betri. Ncha moja iliyobaki hupita katika rezista mpaka beze ya transista, na nyingine huenda kwenye kolekta. Taa hukaa kati ya kolekta na emita, na emita hushika hasi. Ukigeuza ncha, haiwaki. Mimi nilipoteza siku mbili hapo.

Umeme unapozidi katika waya mmoja huamsha umeme katika waya wa pili, jambo aliloligundua Faraday mwaka 1831. Huo wa pili huifungua transista zaidi, mpaka pete ishibe au transista ifike kikomo. Hapo transista hufunga mlango ghafula. Umeme uliokuwa mbioni hukosa njia, volti hupanda, nao hupenya katika taa. Kisha mambo huanza tena, maelfu ya mara kwa sekunde, jicho lisione kupepesa. Z. Kaparnik aliuandika mtambo huu katika gazeti moja la Uingereza mwaka 1999, na wapenzi wake huuita mwizi wa juli.

Sasa kosa langu. Nilifikiri: ikiwa volti 1 yaweza kuwa 3, kwa nini nisirudishe umeme kidogo katika betri, ijijaze yenyewe? Nikaongeza waya wa tatu na dayodi. Asubuhi moja nilizima taa, nikala uji, nikapima: volti zimepanda! Nikatangaza darasani kwamba taa yangu haitazimika kamwe. Siku ya wazazi kututembelea nikamwambia mama asinunue betri tena.

Mwalimu hakucheka. Aliniambia nitengeneze taa ya pili isiyo na waya wa kurudisha, niziwashe zote pamoja kwa betri za pakiti moja zilizotumika sawasawa. Ile ya “kujijaza” ilizimika Alhamisi usiku. Nyingine iliwaka hadi Jumapili. Nikabadilishana betri nyingine, matokeo yakawa yale yale.

Volti zilipanda kwa sababu betri ilipumzika tu, dawa zake zikapata nafasi ya kuenea. Dumu la maji ukilipandisha juu ya kilima, maji yatasukuma kwa nguvu zaidi, lakini hayakuongezeka, tena mtu ametokwa jasho kulipandisha. Transista na dayodi nazo hutoza ushuru wao wa joto kila mara umeme upitapo. Isitoshe, betri isiyo ya kujazwa yaweza kuvuja au kupasuka ukiilazimisha.

Mwezi uliofuata nilijiandaa kumwambia mama ukweli. Kabla sijafungua kinywa akanipa mfuko: betri mbovu 23 za majirani. Nilimweleza hata hivyo. Akauliza, “Lakini zinawaka, au haziwaki?” Tisa zilikuwa zimevuja, nikaziweka kando. Hizo 14 zinawaka. Sasa nahitaji pete. Mwenye balbu mbovu asiitupe, aniletee.